Tafakuri ya Ramadhani, siku ya 12: Bima ya paka



Swali la leo limetoka kwa dada yetu aliyeolewa Uingereza, ambaye bado anafuata darsa zetu humu. Ana paka, wanawe wanampenda sana, na kampuni moja inamwambia alipe pauni 14 kila mwezi ili paka akiugua wao wagharimie matibabu. Anauliza: "Ustadh, nikate bima hiyo au ni israfu? Na mama yangu huko nyumbani nampelekea pesa za dawa."

Nitasema ukweli, niliposoma nilicheka. Bima ya paka! Hapa Mombasa wengi wetu wenyewe hatuna bima ya hospitali, na paka wetu wanajitafutia vichwa vya samaki sokoni. Nikaweka simu, nikaenda kuswalisha tarawehe. Njiani narudi nikaikumbuka hadithi ya yule mwanamke aliyeingia motoni kwa ajili ya paka, na kicheko kikanikauka.

Hadithi mnaijua, imo kwa Bukhari na Muslim. Lakini itazame tena. Hatukuambiwa kwamba alimpiga yule paka. Alimfungia. Hakumlisha, wala hakumwachia atoke akajilie vijidudu vya ardhini. Paka wa baraza ya msikiti wetu mlango wake uko wazi, ukimnyima wewe ataenda kwa jirani. Paka wako dada yuko ghorofani, dirisha limefungwa kwa baridi, hata panya wa kukamata hana. Riziki yake Allah ameipitisha mkononi mwako, na mkono mwingine hana. Basi swali lako ni zito kuliko nilivyolichukulia, na kwa kile kicheko nakutaka radhi.

Mafakihi wetu wa Kishafii wanasema wazi kwamba chakula na maji ya mnyama unayemmiliki ni wajibu juu yako, si hisani. Kuhusu dawa, mimi nasema uwezo wako ndio mpaka wako. Lakini kumtazama anateseka na pesa unayo, hapo sina udhuru wa kukupa.

Sasa bima yenyewe. Baraza la Fiqhi la Kiislamu lililo chini ya OIC lilikaa Jeddah mwaka 1985 likasema bima ya kibiashara, ile ya malipo maalumu, ina gharari kubwa inayouharibu mkataba, na badala yake likaelekeza kwenye bima ya kusaidiana. Gharari ni nini? Chukua huyu huyu paka. Kwa mwaka utalipa pauni 168. Akiwa mzima, pesa imekwenda. Akiugua, ndipo unasoma yale maandishi madogo: ugonjwa aliokuwa nao kabla haulipwi, sehemu ya kwanza ya bili ni yako, na kadiri anavyozeeka ndivyo malipo yanavyopanda. Umenunua nini hasa? Hujui, na aliyekuuzia hajui. Wako wanazuoni wa zama hizi wanaoruhusu, na siwavunjii heshima. Bima ya gari huko ni sheria, huna hiari, ina hukumu yake. Ya paka hakuna anayekulazimisha. Kinacholazimishwa kwa paka England, tangu Juni 2024, ni kile kidude cha utambulisho kinachopachikwa chini ya ngozi.

Kwa hiyo usikate. Zile pauni 14 zitie kibubu. Baada ya miaka mitatu una 504, na paka akiwa mzima zingali zako.

Najua utanijibu nini. Bili ya huko inaweza kupita pauni elfu kwa usiku mmoja, na kibubu bado kina 42. Ni kweli, na kibubu peke yake hakitoshi. Tafuteni familia kumi za jamaa zenu wenye paka, mchange kama tunavyochanga huku chama cha mazishi, kila mmoja anatoa kwa nia ya tabarru, hadai chake kirudi. Hizo ni pauni 140 kwa mwezi. Tena kuna shirika la hisani huko liitwalo PDSA, tangu 1917 linatibu wanyama wa watu wa kipato kidogo, hasa wanaopokea misaada ya serikali. Uliza kama unastahili sasa, paka akiwa mzima. Zakaa usiiguse, ina watu wake wanane. Sadaka inafaa.

Limebaki la mama, na naona ndilo lililokufanya uandike. Kama hizo 14 kweli zinatoka kwenye dawa za mama, mama ametangulia, hapo hakuna mjadala. Lakini usimweke paka nyumbani huku ukiomba tu asiugue. Mtafutie leo nyumba yenye uwezo. Watoto watalia, wajua. Waambie sababu, na wakamkabidhi wao wenyewe kwa mikono yao.

Na nyinyi wa zamu ya futari hapa msikitini: lile bakuli la maji la paka lililokuwa chini ya bomba la udhu halionekani tangu juzi. Aliyelichukua kuchanganyia sharubati alirudishe kabla ya magharibi.

Wabillahi tawfiq.