Kinyozi Hajinyoi: Mpigaji Besi na Kinasa Sauti Chake

Katika kidumbak cha Unguja, ngoma inayopigwa arusini, hukaa mpigaji mmoja ambaye macho ya wachezaji hayamtafuti. Fidla ndiyo inayosifiwa, kwani ndiyo inayolia. Vidumbak viwili ndivyo vinavyotia moto viuno, na mkwasa na cherewa hujaza nafasi zilizobaki. Yeye ameshika sanduku: kasha la mbao, aghalabu lile lililowahi kubebea majani ya chai, lililofungwa uzi mmoja na kijiti. Uzi ukikazwa sauti hupanda, ukilegezwa hushuka. Sauti zake ni chache, na zote ni nzito na fupi. Hata hivyo, akiinuka kwenda kunywa maji, fidla huwa nyembamba ghafla, miguu ya wanaocheza husita, na mtu ambaye hakuwa na habari kwamba sanduku lipo ndipo hutambua kwamba limeondoka.

Kazi inayotambulikana kwa kukosekana kwake inamdai nini yule anayeifanya? Na je, inaweza kufunzwa na mtu aliye peke yake? Suala hili la pili halikuwa na maana wakati sanduku lilipokuwa likifunzwa ngomani, mbele ya wakubwa wanaokosoa kwa jicho tu. Leo lina maana. Gitaa la besi hununuliwa dukani, hufunzwa chumbani mlango umefungwa, na sauti yake hunaswa na kompyuta iliyopo mezani. Mwanafunzi anaweza kuwa mpigaji, fundi wa mitambo, msikilizaji na hakimu, wote wanne katika kiti kimoja.

Gitaa hilo lina umri mdogo. Kabla yake, katika taarab kama katika bendi za jazi za ng'ambo, kazi hiyo ilikuwa ya besi kubwa ya mbao inayopigwa kwa kusimamishwa. Shingo ya besi ile haina alama yoyote, na mpigaji huitafuta noti kwa sikio na kwa mazoea ya mkono. Mwaka 1951 kampuni ya Leo Fender, huko California nchini Marekani, ilitoa besi ya umeme iliyopewa jina la Precision, jina lenye maana ya usahihi, kwa sababu shingo yake ilipangwa vyuma vidogo vinavyouzuia uzi mahali pake hasa. Nyuzi zake ni nne. Ule mnene kuliko wote, ukipigwa bila ya kukandamizwa, hutikisika kiasi cha mara 41 kwa sekunde. Unaofuata mara 55, wa tatu mara 73 na wa nne mara 98.

Wepesi wa mwanzo wake unahadaa. Kwa wiki moja mwanafunzi anaweza kuufuata wimbo mwepesi kwa noti moja moja, akadhani ameshafika. Baadaye ndipo anapogundua kwamba kazi ngumu ni kuinyamazisha noti baada ya kuilizisha. Anapopiga uzi mmoja, mitatu mingine nayo hutikisika kwa udugu, na sauti huwa tope. Basi mikono yote miwili hupewa kazi ya pili: vidole vya kushoto hulazwa juu ya nyuzi zisizotakiwa, na kidole gumba cha kulia huegemea uzi wa juu kuuzuia. Noti ya besi ina pahala pa kuanzia na pahala pa kukomea, na pahala pa kukomea ndipo panapomwonyesha fundi. Wapenzi wa ushairi hawatastaajabu. Mshororo haubebwi na silabi zake peke yake, bali pia na pale ukwapi unapokatika ili utao uingie.

Lakini jambo zito zaidi liko katika mamlaka ya noti hizo. Mwimbaji anaweza kuishikilia noti moja bila ya kuibadilisha hata kidogo. Besi ikihama chini yake, noti ile ile iliyokuwa ya furaha husikika yenye huzuni, au iliyokuwa imetulia husikika inatafuta pa kwenda. Msikilizaji atasema mwimbaji amemgusa. Hatajua ni nani aliyeligeuza neno. Uwezo wa kubadilisha maana ya kauli ya mwenzako bila ya kuonekana ndio unaoitwa amana. Mfasiri anaujua uzito wake, kwani naye hukaa chini ya maneno ya mwingine, na akikosea kwa makusudi ni wachache watakaomgundua.

Amana hiyo huzaa taabu yake. James Jamerson, mzaliwa wa jimbo la South Carolina mwaka 1936, ndiye aliyepiga besi katika nyimbo nyingi za kampuni ya Motown ya mjini Detroit katika miaka ya 1960. Studio yao ilikuwa ndani ya nyumba ya kawaida iliyonunuliwa mwaka 1959, na wapigaji walibanana katika chumba kimoja. Jamerson alitumia kidole kimoja tu cha mkono wa kulia, kile cha shahada, na kwa kidole hicho akaifanya besi izungumze. Santuri zake ziliuzwa dunia nzima na jina lake halikuandikwa juu yake. Mpaka mwaka 1971, ilipotoka santuri ya Marvin Gaye iitwayo What's Going On, ndipo majina ya wapigaji yalipochapishwa na lake likiwemo. Alifariki mwaka 1983, akiwa na umri wa miaka 47.

Kisa hiki kinahitaji kutenganisha mambo mawili yanayochanganywa kila siku. Kukaa nyuma ili wimbo usimame ni adabu, nayo huwa adabu kwa sababu mpigaji ameichagua. Kufichwa jina na wengine wanaokula matunda ya kazi yake ni dhulma, hata kama yeye mwenyewe hakulalamika. Anayemwambia mpigaji besi kwamba unyenyekevu ndio utukufu wake, huku akimnyima haki yake, analitumia neno jema kuficha neno baya.

Hapa ndipo kinasa sauti cha nyumbani kilipoonekana kuwa mkombozi. Mwaka 1928 Siti binti Saad na wapigaji wake walilazimika kuvuka bahari mpaka Bombay ili sauti zao zitiwe katika santuri. Mwaka 1979 kampuni ya TEAC ya Japani ilitoa Portastudio, mashine ya mezani iliyonasa sauti nne mbalimbali juu ya kaseti ya kawaida, moja baada ya nyingine. Kwa mashine ya namna hiyo Bruce Springsteen alirekodi nyimbo chumbani kwake New Jersey, mwanzoni mwa mwaka 1982, akikusudia ziwe mfano tu wa kuwafunza wenzake wa bendi. Bendi ilipozipiga studioni, kile kilichokuwamo katika kaseti hakikupatikana tena. Ikatolewa kaseti yenyewe, pamoja na mchakacho wake, kwa jina la Nebraska. Leo hata Portastudio haihitajiki. Gitaa huunganishwa kwa waya na kisanduku kidogo, kisanduku huunganishwa na kompyuta, na programu ya kurekodia, ambayo nyingine kama Audacity hutolewa bure, hupokea sauti. Besi haihitaji hata maikrofoni. Kwa kutumia hedifoni, mtu anaweza kujifunza mwaka mzima na aliye chumba cha pili asisikie noti hata moja.

Kheri ya kwanza ya chombo hiki ni uchungu. Mwanafunzi aliyekuwa akijisikia vizuri anapopiga husikiliza alichokinasa, naye hukuta kwamba alikuwa akiharakia kila alipofika mahali alipopapenda, na akichelewa kila mahali alipopaogopa. Sikio la mpigaji anayepiga limeshughulika, husikia alichokusudia. Sikio la siku ya pili husikia kilichotoka. Wahenga walisema kinyozi hajinyoi, na kwa karne nyingi hapana aliyewapinga. Kinasa sauti kimempa kinyozi kioo. Muhasaba ambao zamani ulimhitaji mwalimu mkali sasa unapatikana kwa kubonyeza kitufe, na anayeuvumilia kwa miezi michache hupata faida kubwa.

Lakini kioo hiki kina mkono. Sauti iliyonaswa huchorwa juu ya skrini kama vilima na mabonde, na noti iliyochelewa huonekana waziwazi imekaa nje ya mstari wake. Kwa kipanya inaweza kusogezwa mpaka ikae. Yenye sauti mbaya inaweza kufutwa, na nzuri ya mwanzo wa wimbo ikanakiliwa mahali pake. Baada ya saa moja besi imenyooka kutoka mwanzo hadi mwisho, na mkono ulioipiga haujabadilika. Je, huo ni uongo?

Wapo wanaosema si uongo hata kidogo. Mshairi, wanasema, hufuta mshororo mara kumi, na hapana anayemdai aonyeshe aliyoyafuta. Kwa nini mpigaji anyimwe ruhusa hiyo? Hoja hii ina nguvu, na kwa mtunzi inatosha. Anayejenga wimbo chumbani, na anayeutoa kama kitu kilichojengwa, hajamhadaa mtu. Huenda mkono wake mmoja ni mgonjwa, au nafasi yake ya maisha haimruhusu kukaa na bendi. Kompyuta imempa mlango, na si haki kumfungia.

Mwanafunzi, hata hivyo, si mtunzi tu. Mshairi anapofuta mshororo, yule anayeandika mpya ni yeye mwenyewe, na katika kuuandika hukua. Noti inaposogezwa kwa kipanya, aliyepiga hakukua. Alichokosea jana atakikosea kesho, tofauti ni kwamba sasa hana ushahidi. Kosa lilikuwa mali yake ya pekee, habari aliyoletewa na kinasa sauti, naye ameichana barua kabla ya kuisoma. Uongo huo hauanzi kwa msikilizaji. Unaanza kwa mwenyewe, kisha humfikia mwenzake siku atakapoitwa arusini na kukubali kwa kuitegemea besi iliyomo katika kompyuta. Mwimbaji atakayesimama juu ya noti zake siku hiyo hakuahidiwa kipanya.

Basi kanuni yake ni nyepesi kuisema, ngumu kuishika: anayejifunza arudie kupiga, asisogeze. Akitaka kusogeza, ahifadhi kwanza ile iliyokosewa, aiandike tarehe, na aisikilize tena baada ya mwezi.

Hata akiishika kanuni hiyo, kioo hakimwonyeshi kinyozi kisogo chake. Wimbi la ile noti nzito ya uzi wa kwanza lina urefu unaozidi mita 8, na chumba cha kulala ni kidogo kuliko wimbi hilo. Kwa hivyo sauti hurundikana pembeni na kupotea katikati. Mwenye kukaa kitandani husikia besi moja, na mwenye kusimama kwenye kona husikia nyingine. Spika ya simu nayo haiwezi kabisa kuitoa sauti ya mitikisiko 41. Hutoa zile sauti jamaa zilizo juu yake, na sikio la mwanadamu, kwa maumbile yake, huijaza ile iliyokosekana. Mtu hudhani amesikia besi, kumbe nusu yake ameitunga mwenyewe. Dawa inayojulikana na mafundi ni kuitoa kazi nje ya chumba: isikilizwe kwa jirani, garini, dukani, kwa masikio mengine.

Na mapigo ya kompyuta yanayomwongoza mwanafunzi hayajawahi kumsubiri wala kumharakisha. Ni mwalimu mwadilifu, lakini hajui kupumua. Mpiga ngoma aliye hai husonga mbele kidogo ibada ya shangwe inapopamba moto, na mwimbaji hulivuta neno analolionea uchungu. Kati ya wawili hao besi hulazimika kuamua, kwa muda mfupi kuliko kupepesa jicho, imfuate nani na imvute nani. Uamuzi huo hauwezi kufunzwa kwa kurekodi sehemu zote peke yako, kwani anayejifuata mwenyewe hana wa kumsubiri. Jamerson alikuwa na kidole kimoja, lakini alikuwa na chumba kilichojaa watu.

Mwanafunzi aliyetumia vizuri kinasa sauti chake kwa mwaka mmoja atakuwa amejua anavyosikika. Kilichobaki ni kuufungua mlango, kulibeba gitaa mpaka pale wenzake wanapofanya mazoezi, kukaa karibu na ngoma, na kupiga noti chache. Pengine mwisho wa jioni hapana atakayemsifu. Lakini akiinuka kwenda kunywa maji na wote wakageuka kumtazama, atakuwa amepata jibu ambalo kompyuta yake haikuweza kumpa.