Mwanangu, Nenda Ukatazamwe

Mwanangu, nimesikia kikundi chenu kimealikwa kwenye mafunzo ya siku moja ya sanaa za maonyesho hapa Iguguno. Nimefurahi sana. Ila kabla hujaanza kutafuta daftari na kalamu, keti kidogo nikuambie jambo nililochelewa kulijua.

Siku moja ni fupi. Asubuhi inaishia kwenye kujiandikisha na kumsubiri mgeni rasmi. Mchana jua linawachosha. Ikigonga saa kumi, wenzenu wa Nduguti na Kinyangiri wanaanza kuulizia usafiri. Ukitoa chai na chakula, saa zilizobaki ni chache mno. Kwa hiyo usiende kukusanya. Wengi huenda kukusanya maneno ya mwalimu, picha za simu, cheti. Wewe nenda ukatazamwe. Maneno yako unaweza kuyakariri ukichunga ng'ombe. Pumzi unaweza kuizoeza shambani, peke yako, mkono tumboni. Lakini mgongo wako huuoni. Jicho la mwenzako ndilo usiloweza kujipatia nyumbani, na siku hiyo macho yatakuwepo mengi.

Mwalimu akiuliza nani aanze, inuka wewe. Usiwasubiri wazoefu. Anayetangulia husahihishwa kwa utulivu. Wa mwisho huambiwa vizuri, asante, muda umekwisha.

Nilipokuwa na umri kama wako nilipewa sehemu ya bibi kizee mjane. Mazoezi tulifanyia uwanjani, na wapita njia walisimama kutazama. Bibi mmoja akaniita pembeni. Mjukuu wangu, akasema, sisi hatuinuki hivyo. Mimi nilikuwa najikunja, natetemesha mkono, nakwaruza sauti, halafu nasimama ghafla na miguu yangu ya kisichana. Basi akaketi chini anionyeshe. Aliweka kiganja juu ya goti. Akaupeleka uzito mbele, akatulia hapo hapo, akashusha pumzi. Ndipo akainua kiuno. Mgongo ulinyooka mwisho kabisa. Hakutetemeka popote.

Nilimshukuru kwa mdomo. Moyoni niliona ananichelewesha, nikaendelea na yangu. Siku ya onyesho, mjane wangu alipoinuka kwenda kumzika mumewe, watu walicheka. Walianza watoto, wakubwa wakafuata. Palikuwa mahali pa kulia, mwanangu. Hadi leo nikikumbuka, si kicheko kinachoniuma. Ni yule bibi. Alinipa bure kitu ambacho mwili wake ulichukua miaka kukijua, na mimi sikukiokota.

Baadaye nilisoma habari za Kamiriithu, kule Limuru, Kenya, nikaelewa zaidi nilichokipoteza. Mwaka 1977 wanakijiji, wakulima na vibarua, walijijengea jukwaa la wazi na kucheza Ngaahika Ndeenda, tamthilia ya Kigikuyu ya Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mĩriĩ. Mazoezi yalifanyika hadharani. Mtu yeyote alisimama, akasikiliza, akasema mzee hazungumzi namna ile, au kazi ile haifanywi vile, na waigizaji wakarekebisha. Walianza mazoezi Juni, wakaonesha Oktoba. Novemba serikali ya huko ikapiga marufuku, na mwaka ulipokuwa unakwisha Ngũgĩ wa Thiong'o akatiwa kizuizini. Igizo linalotungwa mbele ya macho ya watu wake lina nguvu ya namna hiyo.

Na hapa kwetu wapo waliofanya hivyo. Walimu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, akina Penina Mlama na Amandina Lihamba, walikwenda Malya, mkoani Mwanza, mwaka 1982. Hawakufika na igizo mkobani. Waliuliza kwanza nini kinawasumbua watu, wakatunga pamoja nao, wakatumia ngoma zao wenyewe, na baada ya onyesho pakawa na mazungumzo. Kazi iliendelea mpaka 1983. Mwalimu wenu akisema mkatunge igizo la dakika kumi kuhusu kijiji, msikimbilie lile la mlevi anayempiga mkewe kwa sababu mnalijua. Tokeni nje. Muulizeni mama anayeuza vitunguu.

Jambo jingine. Nyinyi mmekulia kwenye filamu. Siwalaumu, hata mimi nazitazama. Lakini kamera humfuata mwigizaji mpaka kwenye kope. Uwanjani hakuna atakayekufuata. Aliyesimama nyuma kabisa anauona mwili wako wote, na uso wako anauona kwa shida. Huzuni isipofika mabegani na miguuni, yeye hajaipata. Hata Steven Kanumba, kijana wa Shinyanga, mbele tu kwenye barabara yetu hii, alipitia kundi la maigizo la Kaole kabla ya filamu kumtangaza.

Na barabara yenyewe ni mtihani. Malori yanakwenda Nzega na Mwanza usiku na mchana, na lori halijui kwamba umefika kwenye maneno mazito. Kijana ambaye hajafundwa hupiga kelele ashindane na injini. Sauti inapasuka na bado hasikiki. Wewe fanya hivi. Ukilisikia linabadilisha gia kwa mbali, maliza sentensi uliyo nayo. Nyamaza, lakini usitoke ndani ya mtu unayemwigiza. Macho yabaki kwa mwenzako. Mkono ulioinuka ubaki juu. Pumua. Lori likishapita utaona watu wamesogea mbele, wanasubiri neno lako. Kama kuna zoezi moja la kumwomba mwalimu siku hiyo, ni hili, na mlifanyie nje, si darasani.

Habari ya nauli na posho, uliza asubuhi, kwa adabu. Umeacha alizeti shambani, ni haki yako kuuliza. Ukishajibiwa, liweke kando. Nimewaona vijana wenye vipaji wakimaliza mchana mzima wakinong'onezana habari za bahasha, na mwalimu yuko mbele yao.

Usidhani naidharau siku moja. Mwezi Juni 1897, mjini Moscow, Konstantin Stanislavski na Vladimir Nemirovich-Danchenko walikutana mkahawani saa nane mchana, wakazungumza mpaka saa mbili asubuhi ya pili yake. Mazungumzo yale ndiyo yaliyozaa Moscow Art Theatre, inayojulikana dunia nzima. Lakini onyesho la kwanza lilikuja Oktoba 1898. Kiangazi cha mwaka huo waigizaji walikwenda Pushkino, nje ya mji, wakafanyia mazoezi ghalani, wakawekeana zamu za kufagia na kuandaa chai. Stanislavski mwenyewe alishika zamu ya kwanza, akaliweka birika motoni bila maji mpaka likayeyuka. Hakujua hata kufagia, akajifunza. Nalitaja hili kwa kuwa kwenye vikundi vyetu ufagio huachiwa wasichana, na wao ndio wanaofika kwenye mazoezi wamechoka. Wekeni zamu. Muongozaji naye ashike yake.

Jioni, kabla hamjatawanyika, kubalianeni siku na mahali pa kukutana tena, na nani atakuja na ufunguo wa darasa. Chagueni zoezi moja tu kati ya yote mliyofundishwa. Mlirudie kila mnapokutana, mpaka mvua zianze. Mwanzoni hamtaona tofauti yoyote, na hapo ndipo vikundi vingi hufa. Mmoja wenu ataondoka kwenda Arusha au Dar kutafuta maisha. Muageni vizuri, muendelee na waliobaki. Na waiteni wazee waje kukaa mbele mkiwa bado mnakosea, wasiitwe siku ya onyesho tu. Baadhi yao watasema kwa Kinyiramba au Kinyisanzu. Sikilizeni hivyo hivyo, msiwakimbize kwenye Kiswahili. Mimi nitakuja Jumamosi yoyote mtakayoniita, ila nitumieni ujumbe siku moja kabla, maana sasa hivi tunavuna alizeti.