Nzuri, Ila…

Mtu akikuuliza habari za nyumbani, unajibu "nzuri" hata kama nyumbani kuna mgonjwa. Ndivyo tulivyolelewa, na hakuna anayekuona mwongo. Lakini baada ya hiyo "nzuri" lugha yetu imekuachia neno moja dogo: ila. Nzuri, ila mtoto ana homa. Nzuri, ila mvua zimechelewa. Tunalitumia kwa watoto, kwa shamba, hata kwa pikipiki mbovu. Ikifika zamu ya moyo, tunalimeza.

Mimi nililimeza mwaka mzima. Kazi ninayo, kodi nimelipa, chakula kipo, na bado asubuhi nakaa kitandani nusu saa, kiatu kimoja mguuni na kingine mkononi. Kwa kuwa sikuwa na msiba wa kuonyesha, nikajiona sina haki ya kulalamika. Siku moja nikaenda kwa shangazi. Akaniuliza habari, nikamwambia nzuri. Nikakaa kimya, kisha likanitoka: "Ila nina mawazo, shangazi. Maisha hayana ladha." Hakuacha kuchambua mchele. Alisogeza ungo kwangu ili nami nichambue, akauliza, "Tangu lini?" Tulichambua mpaka giza likaingia. Aliponisindikiza alisema tu, "Kesho uje tena." Nilikwenda.

Usidhani hayo ni faraja ya kifamilia tu. Mwaka 2006, katika mtaa wa Mbare jijini Harare, daktari wa magonjwa ya akili Dixon Chibanda alianza kazi na bibi 14. Walifundishwa kusikiliza, na kumsaidia mtu achague tatizo moja la kuanza nalo. Ukumbi wao ulikuwa benchi nje ya zahanati. Washona husema kufungisisa, yaani kuwaza kupita kiasi; sisi tungesema mawazo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 uliwahusisha watu 573, na baada ya miezi sita waliopitia benchi hizo walikuwa na dalili za sonona chache mno kuliko wenzao waliopata huduma ya kawaida ya kliniki iliyoboreshwa. Benchi, na mtu wa kukusikiliza!

Basi inuka! Mchague mtu leo, si wiki ijayo. Akikwambia "wenzako wana makubwa zaidi," usirudi kujifungia; mwendee wa pili, mwendee wa tatu, kama unavyotafuta fundi. Na kama mawazo yamefika pa kutamani kufa, usingoje kuche. Mwombe mtu akupeleke hospitali usiku huohuo, kama ambavyo ungepelekwa na homa kali. Sonona inatibika, na wewe unastahili kutibiwa.

Simu unayo mkononi. Yule uliyemkumbuka ulipokuwa ukisoma hapa, mpigie. Atakuuliza habari. Jibu nzuri, vuta pumzi, kisha useme: ila.