Je, Maji Mengi Hayachafuki?

Ndugu msomaji, kama umewahi kufika Ujiji wakati wa magharibi, bila shaka umeyaona haya. Mitumbwi imevutwa mchangani, akina mama wanakusanya dagaa walioanikwa tangu asubuhi, na wazee wanateremka ufukoni wakiwa wamekunja kanzu zao ili watawadhe. Mzee mmoja anateka maji kwa kiganja, anasukutua, anaosha uso. Hatua kumi kutoka hapo aliposimama, mtoto anamwaga ndoo ya takataka za jikoni. Na hatua kumi nyingine, kijana anaosha pikipiki yake, na mafuta yanaelea juu ya maji yakimetameta. Mzee hamkemei yeyote. Ukimwuliza kama udhu wake umetimia, atakujibu pasipo kusita kwamba umetimia, kwa kuwa maji ya ziwa ni mengi, na maji mengi hayanajisiki.

Jibu la mzee huyu ni sahihi. Napenda tuanze hapo, kwa sababu watu wengi wanaotetea usafi huanza kwa kumcheka, nao ndio wanaokosea. Katika madhehebu ya Imam Shafi, ambayo yameenea Ujiji kama yalivyoenea katika pwani yetu, maji yakifikia kiasi cha mitungi miwili mikubwa, ambayo wanazuoni wameikadiria kuwa takriban lita 200, hayawi najisi kwa kuingiwa na kitu najisi mpaka yabadilike rangi, ladha au harufu. Lita 200 ni pipa moja la mafuta. Sasa litazame Ziwa Tanganyika: urefu wake unakaribia kilomita 670, kina chake kinafika mita 1,470, na katika maziwa yote ya dunia ni Baikal peke yake lililolizidi kwa kina. Ndani yake mna karibu sehemu moja ya sita ya maji baridi yote ya juu ya ardhi yasiyoganda kuwa barafu. Ikiwa pipa moja linatosha, nani atatilia shaka ziwa zima?

Lakini hebu tutafakari: kanuni ile inajibu swali gani? Inajibu swali la mtu anayetaka kusali, yaani, je, maji haya yananifaa kwa ibada yangu? Ni rehema kwa mwenye kuyatumia, ili asipate taabu wala wasiwasi. Haikuwekwa kamwe kulijibu swali la pili, ambalo ni hili: je, mimi ninaruhusiwa kutia nini ndani ya maji hayo? Maswali haya mawili ni mbali mbali, na msiba wetu ni kwamba jibu la lile la kwanza tumelichukua tukalifanya jibu la hili la pili.

Dalili ya maneno yangu ni kwamba Mtume Mtukufu s.a.w., ambaye kwake tumepokea wepesi ule wa tahara, ndiye pia aliyekataza mtu asikojoe katika maji yaliyosimama. Tena aliwaonya Waislamu juu ya mahali patatu ambapo mtu akijisaidia hapo hujiletea laana: penye maji wanapokuja watu, penye njia wanayopita, na penye kivuli wanapopumzikia. Patazame vizuri mahali hapo patatu. Hakuna mtu anayetawadhia kivuli. Hakuna anayetawadhia njia. Basi sababu ya katazo hili haiwezi kuwa udhu. Sababu ni watu: kwamba kuna wengine watakaopahitaji mahali hapo baada yako, nao hawatakujua wala wewe hutawajua.

Wala Waislamu si peke yao waliotatizwa na jambo hili. Katika mji wa Varanasi huko India, Wahindu wengi mno huoga katika mto Ganga wakiamini kwamba ni mama mtakatifu. Watafiti waliozungumza na wakazi wa mji huo wameeleza kwamba wengi hutofautisha mambo mawili: mto unaweza kuwa na uchafu, wanasema, lakini hauwezi kupoteza utakatifu wake. Kwa hiyo mifereji ya maji machafu ya mji ikamiminika humo, na waogaji wakaendelea kuoga. Mwaka 1986 serikali ya India ilianzisha mpango mkubwa wa kuusafisha mto huo, na miaka mingi baadaye mifereji ilikuwa bado inamwaga. Mmoja wa waliosimama imara kuupinga uchafuzi huo alikuwa Veer Bhadra Mishra, mkuu wa hekalu la Sankat Mochan, ambaye pia alikuwa profesa wa uhandisi wa maji katika chuo kikuu cha mji ule ule. Mwaka 1982 alianzisha taasisi ya kuutetea mto, na kupitia taasisi hiyo maji ya Ganga yakawa yanapimwa kitaalamu. Naye mwenyewe akaendelea kuingia mtoni kuoga kwa ibada. Alifariki mwaka 2013. Imani yetu si imani yake, wala hatuamini kwamba mto ni mungu. Lakini mtu huyu alifahamu jambo ambalo wengi wetu hatujalifahamu, kwamba heshima ya maji katika ibada haiyaondolei maji haki yake, bali huiongeza.

Turudi kwetu. Hata tukiiacha dini kando tukatumia hesabu tupu, hoja ya ukubwa wa ziwa haisimami. Ziwa hili ni kubwa kwa namna ya kudanganya. Kuanzia kina cha mita 100 au 200 kwenda chini, maji yake hayana oksijeni, na samaki hawawezi kuishi humo. Maji ya juu na ya chini kabisa hayachanganyiki yote kama uji unaokorogwa sufuriani. Kwa hiyo dagaa na migebuka tunaowala wanaishi katika tabaka la juu tu, ambalo ni jembamba ukililinganisha na kina chote. Tena ziwa lina mlango mmoja tu wa kutokea, nao ni mto Lukuga upande wa Kongo. Sehemu kubwa kabisa ya maji yanayoondoka ziwani huondoka kwa kuwa mvuke, na mvuke hauchukui taka. Maji huruka yakaenda zake, tulichokitia hubaki.

Niongeze pia jambo ambalo wengi hawaliiti uchafu hata kidogo, nalo ni udongo. Miti inapokatwa katika vilima vya nyuma ya Kigoma na mashamba yakalimwa kwenye miteremko, mvua huuchukua udongo ule kupitia mto Luiche na vijito vingine mpaka ziwani, ukayafunika mawe ambamo samaki hula na kuzaliana. Ziwa hili lina aina zaidi ya 200 za samaki wasiopatikana mahali pengine popote duniani, na wengi wao huishi katika miamba hiyo hiyo ya kando. Mkulima aliye juu kilimani hakuwahi kutupa taka ziwani hata siku moja, naye huenda akashangaa sana kusikia jina lake likitajwa.

Kama bado unadhani kwamba ukubwa wa ziwa ni kinga, kumbuka Kagunga. Mwezi wa Mei 2015 machafuko ya Burundi yaliwafukuza watu makwao, na makumi ya maelfu yao wakakusanyika katika kijiji hicho kidogo kilichobanwa kati ya milima na ziwa karibu na mpaka, mahali ambapo watu waliondolewa kwa njia ya maji. Meli ya MV Liemba, ambayo iliundwa Ujerumani mwaka 1913 na kuonekana kama kwamba imemaliza kazi zake zote, ikawa inawachukua kuwapeleka Kigoma. Vyoo havikuwepo vya kuwatosha watu wote hao; waliyonayo karibu ni maji ya ziwa tu, nao wakayanywa. Kipindupindu kikaingia. Katika majuma machache wagonjwa walifikia kiasi cha 3,000, na watu zaidi ya 30 wakafariki. Hakuna mwenye haki ya kuwalaumu wakimbizi wale, kwa kuwa hawakuwa na hiari. Ninachokisema ni hiki tu: ziwa lililokuwa mbele yao lilikuwa ni lile lile, lenye mita zake 1,470. Mtoto aliyejaza kikombe chake pale ufukoni hakujaza ziwa. Alijaza kikombe, na kilichomwua kilikuwa ndani ya kikombe.

Ukikaa pale Kibirizi au Katonga ukawauliza watu juu ya habari hii, utapata majibu ya namna kadhaa. Wapo wasemao kwamba uchafu unatoka ng'ambo. Ni kweli kwamba ziwa hili ni la nchi nne, yaani Tanzania, Kongo, Burundi na Zambia, na kwa sababu hiyo zilitia sahihi mkataba wa kulihifadhi hapo Dar es Salaam tarehe 12 Juni 2003. Lakini aliyeko Uvira au Rumonge naye akisema hivyo hivyo juu yetu, nani atabaki wa kusafisha? Wengine husema kwamba ni kazi ya manispaa. Sikatai, manispaa inadaiwa wajibu wake, na sheria ya mazingira ya mwaka 2004 ilikwisha kuweka mita 60 za kando ya ziwa chini ya hifadhi, kama vile mifuko ya plastiki ilivyopigwa marufuku tangu tarehe 1 Juni 2019. Lakini hakuna askari atakayesimama juu ya kila jiwe la ufuko.

Jibu zito kuliko yote ni la yule asemaye kwamba hana choo. Huyu tusimpite haraka. Ardhi ya ufukoni ni ya mchanga, na shimo likichimbwa kidogo tu maji hutokeza. Kisha ziwa lilipopanda katika miaka ya 2020 na 2021, lilizifikia nyumba za watu pamoja na vyoo vyao. Mtu aliyepatwa na hayo amesukumwa, na Mwenyezi Mungu haikalifishi nafsi ila kwa kadiri ya uwezo wake. Mimi sitamwita mwenye dhambi, na ningependa mhubiri anayemkemea amsaidie kwanza kuchimba shimo mahali palipoinuka.

Kwa sisi wengine, ambao tungeweza kufanya vinginevyo, shauri ni gumu zaidi kuliko tunavyolichukua. Dini hutofautisha kati ya haki za Mwenyezi Mungu na haki za waja. Dhambi juu ya haki Zake, mtu hutubu, Naye ni Mwingi wa kusamehe. Lakini ukimdhulumu kiumbe mwenzako, hapana budi umwendee, umrudishie haki yake au umwombe radhi. Sasa nieleze, ndugu yangu: aliyemwaga uchafu ziwani atamwendea nani? Mama aliyeharisha mtoto wake kule Mwamgongo hamjui. Mvuvi aliyevuta wavu mtupu hamjui. Wengine hawajazaliwa bado. Mwizi wa kuku ana nafuu, maana anaijua nyumba ya kuombea msamaha.

Mtume s.a.w. alitoa mfano ambao watu wa Kigoma hawahitaji kufasiriwa. Watu walipanda chombo, baadhi juu na baadhi chini. Wa chini, kila walipotaka maji, walilazimika kuwapitia wa juu, basi wakaona afadhali watoboe tundu katika sehemu yao wenyewe ili wasiwasumbue wenzao. Wakiachwa, wote wataangamia. Wakizuiwa, wote wataokoka. Kinachonishangaza daima katika mfano huu ni kwamba wale wa chini hawakuwa na nia mbaya. Walitaka kuepusha usumbufu, nao walitoboa mahali pao. Ndivyo ilivyo kwa ndoo ya yule mtoto wa Ujiji: ametumwa na mama yake ili nyumba iwe safi, na kweli nyumba imekuwa safi.

Kwa hiyo mzee anayetawadha namwona kuwa anaweza kufanya jambo moja zaidi bila kuongeza rakaa hata moja: kumgeukia mtoto yule akamwonyesha mahali pa kumwagia taka. Lakini yuko mwingine ambaye simtazami kwa upole huo. Huyo ana nyumba ya kupangisha karibu na ufuko, yenye vyumba kumi na choo kimoja kilichojaa tangu zamani, naye kila mwisho wa mwezi huteremka kuchukua kodi. Yeye mwenyewe anakaa juu, Mwanga, penye bafu la marumaru, na hutawadha kwa maji ya bomba. Ukimwuliza kama udhu wake umetimia, atakujibu kuwa umetimia, naye atakuwa amesema kweli. Mwulize pia wapangaji wake wanajisaidia wapi.