Kamba ya Kuku Mgeni

Likizo ya Desemba iliyopita mjukuu wangu alikuja kunitembelea hapa Kidatu akitokea Morogoro mjini, simu yake ya kupangusa mkononi. Kila jioni aliketi chini ya mwembe akicheza mchezo wa vita pamoja na watu asiowafahamu. Mmoja wao, aliniambia, yuko Mombasa, mwingine Dar es Salaam, wengine hajui waliko. Siku moja nikamsikia akipiga kelele: "Nubu wewe! Nubu mkubwa!" Nilidhani wamegombana na mtoto wa jirani. Nilipotoka sikuona mtu mwingine.

"Unamtukana nani?"

"Simtukani, babu. Ni mgeni kwenye mchezo. Hajui kitu, anatuponza."

Miaka yangu yote ya kazi nimekuwa nikiuliza watoto maana ya maneno, basi nikaketi kando yake nikamwuliza na hilo. Alinieleza kwa uvumilivu kwamba wachezaji wana maneno mawili. Liko "nyubi", naye ni mgeni wa kawaida ambaye bado anajifunza. Na liko "nubu", naye ni yule asiyejua na asiyetaka kujua. Nilipendezwa na tofauti hiyo, maana aliyeiweka alikuwa amefikiri. Nikamwuliza: huyo uliyekuwa ukimfokea umemfahamu kwa muda gani hata ukajua kwamba hataki kujifunza? Akasema, kama dakika tano. Na mtu huacha lini kuwa nubu? Akacheka. "Haina siku hiyo, babu."

Jibu hilo ndilo lililonifanya nishike kalamu.

Sisemi kwamba sisi wa zamani tulikuwa malaika. Penye wenyeji na wageni hapakosi jina la kumwita mgeni. Katika shule zetu za sekondari za bweni mwanafunzi wa kidato cha kwanza aliitwa njuka, na wenzetu wa Kenya walimwita mono. Njuka alichoteshwa maji, alifulishwa nguo za wakubwa, alipewa njiti ya kiberiti akaambiwa apime urefu wa uwanja wa mpira. Mengine yalikuwa ukatili mtupu, na nilipopata mamlaka ya kuyapiga marufuku niliyapiga marufuku. Jeshi la Kujenga Taifa, lililoanzishwa mwaka 1963, nalo lilikuwa na kuruta wake. Mimi nimekuwa kuruta. Nimekimbia mchakamchaka alfajiri huku afande akiniita kwa jina hilo kana kwamba mama yangu hakunipa jingine.

Hata hivyo njuka aliijua siku yake. Mwaka mpya wa masomo ukifika, walishuka njuka wengine na masanduku yao ya bati, naye wa jana akavuka. Kuruta alilijua gwaride la kumaliza mafunzo. Jina lile lilikuwa kama vazi la kuazima: linabana, linachekesha watu, lakini lina siku ya kurudishwa kwa mwenyewe.

Wahenga walisema kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Tumezoea kuitumia methali hii kumcheka mtu, lakini aliyefuga kuku anaijua kazi ya kamba ile. Kuku aliyenunuliwa mnadani au aliyeletwa zawadi akiachiwa siku ya kwanza, atajaribu kurudi alikotoka, au atapotelea vichakani aliwe na kicheche. Kwa hiyo hufungwa karibu na banda, akatupiwa pumba na kuwekewa maji papo hapo. Baada ya siku chache, akishapazoea, hufunguliwa. Anayemfunga ndiye anayemlisha, na ndiye anayemfungua. Marehemu mama yangu alikuwa mkali sana juu ya jambo hilo la mwisho, kwa sababu kamba ikisahauliwa mguu huvimba, uzi ukazama ndani ya nyama, na kuku huyo akachechemea mpaka siku ya kuchinjwa.

Basi sioni ubaya wowote katika kumtambua mgeni kuwa ni mgeni. Ujinga wa mwanzo ni jambo la kweli, na kujifanya haupo si upole bali ni hatari. Mtu asiyewahi kushika panga la kukatia miwa ni lazima aonekane na wenzake walio karibu naye shambani. Gari la mwanafunzi wa udereva hubandikwa herufi L mbele na nyuma, nasi wengine tukaiona tukapunguza mwendo na kumwachia nafasi. Tazama: alama ile inasema jambo lile lile linalosemwa na neno njuka, yaani huyu hajui bado. Lakini inasema nasi tulio barabarani, kutuomba subira, na hubanduliwa siku anapopata leseni. Ingekuwaje kama tungeibandika mgongoni mwa dereva mwenyewe na kuiacha huko?

Wenye mitandao wanayo historia yao juu ya jambo hili. Kabla intaneti haijaenea, palikuwa na baraza la majadiliano la kompyuta lililoitwa Usenet, na wengi waliolitumia walikuwa watu wa vyuo vikuu, hasa vya Marekani. Kila mwezi wa Septemba, vyuo vilipofunguliwa, waliingia wanafunzi wapya kwa wingi. Walivuruga mazungumzo, waliuliza yaliyokwisha kujibiwa, wakaandika pasipo adabu. Wakongwe walinung'unika, wakawaelekeza, na baada ya wiki kadhaa mambo yalitulia. Kisha kampuni za biashara zikaanza kuwafungulia wateja wao mlango wa baraza hilo. Watu wapya wakaingia kila siku, mwezi hadi mwezi, na wakongwe wakaupa mwezi ule wa Septemba 1993 sifa ya kuwa Septemba isiyokwisha. Nadhani jambo kubwa lilipotea hapo. Wageni walipokuja kwa msimu, mwenyeji alijiandaa kuwafundisha, kwa sababu aliuona mwisho wa adha yake. Walipokuja bila msimu alichoka kufundisha. Jina la kuwaita, hata hivyo, hakuchoka nalo.

Hapa kwetu Kidatu tungepaswa kulielewa hili kuliko wengi. Wapogoro na Wandamba ni watu wa bonde hili tangu zamani, lakini mji huu ulikuzwa na watu wa kuja. Wako walioletwa na miwa ya kiwanda mwanzoni mwa miaka ya 1960. Wako walioletwa na reli ya TAZARA na bwawa la umeme kwenye Ruaha Mkuu, kazi zote mbili za kati ya mwaka 1970 na 1975. Na bado nimemsikia kijana ambaye babu yake alishuka hapa na godoro kichwani akimwita mkata miwa wa msimu "wa kuja". Nilicheka peke yangu njia nzima.

Lakini sikuanza kuandika ili nimseme kijana yule, wala mjukuu wangu. Nilianza kwa sababu ya jina moja ambalo nililitumia mimi.

Walimu nao wana majina ya namna hii. Baada ya Azimio la Musoma la mwaka 1974, nchi ilipoamua kumpeleka kila mtoto shule ya msingi ifikapo 1977, walimu hawakutosha. Maelfu ya vijana waliomaliza darasa la saba walichukuliwa, wakajifunza ualimu huku wakifundisha. Sisi tuliokuwa tumepitia chuo cha ualimu kwa njia ya kawaida tuliwaita walimu wa UPE, na hatukulisema jina hilo kwa heshima. Niliowafahamu wengine waliitwa hivyo mpaka wakastaafu, wakiwa na miaka thelathini ya chaki vidoleni. Miaka thelathini, na bado wageni!

Katikati ya miaka ya 2000 historia ikarudi. Shule za sekondari za kata zilijengwa kila mahali, na walimu hawakutosha tena. Vijana waliomaliza kidato cha sita walipewa mafunzo ya mwezi mmoja hivi, wakatumwa madarasani. Wakati huo palikuwa na njia mpya ya kuongeza muda wa maongezi kwenye simu papo hapo, ikiitwa Voda Fasta. Watu wakawaita vijana hao Voda Fasta. Nchi nzima ilicheka, nami nilicheka.

Mmoja wao aliletwa kwenye shule niliyokuwa nikiiongoza. Kijana mwembamba, mpole, aliyekuja na mfuko mmoja wa nguo. Asubuhi ya kwanza, wanafunzi wakiwa mstarini, nilimtambulisha. Nilisema: "Serikali imetukumbuka, imetuletea Voda Fasta wa hisabati." Mstari mzima ukaangua kicheko. Yeye naye alicheka, na kicheko chake nikakihesabu kuwa ni ruhusa. Niliuita utani. Lakini utani ni wa pande mbili. Mtani wako akikurushia nawe unamrudishia. Kijana wa siku moja kazini angenirushia nini mimi, mkuu wa shule mwenye mvi?

Kuanzia siku hiyo hakuwa na jina jingine. Katika chumba cha walimu aliitwa Fasta. Wanafunzi waliliandika ubaoni kabla hajaingia darasani. Tulimpa mikondo yote minne ya hisabati kwa sababu hapakuwa na mwalimu mwingine. Jioni moja alinijia nyumbani na daftari, akapiga hodi, akaniamkia, akaniomba nimwoneshe jinsi ya kuandaa azimio la kazi na andalio la somo. Nilikuwa nimechoka. Nilimwambia, "Kwani mwezi mzima mlifundishwa nini?" Akasema, "Samahani, mkuu." Akaaga, akaondoka na daftari lake.

Nimelifikiria jibu langu lile mara nyingi kuliko hotuba zote nilizowahi kutoa. Kuandaa azimio la kazi nilikujua usingizini. Ingenichukua nusu saa. Kilichonizuia hakikuwa uchovu, ilikuwa lile jina. Kwa kuwa alikuwa Voda Fasta, kutojua kwake kulikuwa tabia yake, kama urefu au rangi, wala si kazi iliyokuwa ikinisubiri. Darasa lake liliposhindwa mtihani sikujiuliza swali lolote. Nilisema, "Mnategemea nini? Ni Voda Fasta." Walimu wenzangu waliridhika, mzazi aliyekuja kulalamika aliridhika, nami niliridhika zaidi ya wote. Yeye jina lile lilimchosha. Mimi lilinipa likizo. Nilimfunga kamba mbele ya watu wote, sikumtupia hata punje, nikaenda zangu.

Baada ya likizo fupi ya katikati ya muhula hakurudi. Tulingoja siku tano, tukangoja kumi. Sikumtuma mtu kumtafuta, wala sikumwandikia yeye mwenyewe. Niliiandikia ofisi ya elimu barua moja, kama taratibu zilivyotaka, na mahali pa sababu niliandika maneno mawili: utoro kazini. Ni barua hiyo pekee niliyolazimika kuandika jina lake kamili, na ilibidi nimwulize karani namna linavyoandikwa.

Nakala yake ilibaki katika jalada la mwaka ule. Siku nilipostaafu nililikabidhi pamoja na mengine, na mhuri, na funguo za stoo.