ZIARA YA MSIKITI MKUU WA KILWA

Bismillahi Rrahmani Rrahim.

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, aliye hai asiyekufa. Na sala na salamu zimshukie Bwana wetu Muhammad, na jamaa zake na sahaba zake. Ama baadu:

Enyi ndugu zangu watu wa Pwani, mimi nasomesha watoto Kurani huku Iringa, nchi ya baridi, ambako dini ilipandishwa na wazee wenu waliokuja kwa biashara. Nilipoazimu kushuka kuzuru Msikiti Mkuu wa Kilwa Kisiwani, alinijia jirani yangu, mtoto wake yu mgonjwa, akanishika mkono akaniambia, "Mwalimu, ukifika penye makaburi ya masultani, niletee konzi moja ya udongo, nimpake mwanangu." Nikanyamaza kwa haya, nisimwambie ndiyo wala la.

Nikateremka Kitonga, nikafika Pwani, nikavuka kwa mashua kutoka Kilwa Masoko. Nikauona msikiti ule, nguzo zake na matao yake na makuba yake. Na sehemu yake iliyo kubwa yanasibishwa na Sultani Hasan bin Suleiman, yapata miaka 700 sasa. Na mbali kidogo, juu ya genge la bahari, lipo jumba la Husuni Kubwa, lenye vyumba zaidi ya 100, nalo halikupata kwisha kujengwa. Leo halina paa wala mwenyewe.

Ibnu Batuta alifika Kilwa yapata mwaka 731 wa Hijra, ndio 1331 wa Miladi. Akawakuta watu wake ni watu wa dini, na madhehebu yao ya Shafii. Na sultani wao akiitwa Abul-Mawahib, yaani mwenye vipawa vingi. Amesimulia kwamba Ijumaa moja, sultani akitoka kusali, fakiri mmoja wa Yaman alimsimamisha njiani akamwomba nguo alizovaa, tena saa ile ile. Sultani akarudi, akaingia nyumba ya khatibu, akavua, akavaa nyingine, akamwambia fakiri aingie azichukue. Mwanawe akazikomboa nguo zile kwa watumwa kumi. Na sultani aliposikia watu wamsifu, akamwongeza kumi tena na mizigo miwili ya pembe. Hiyo ndiyo iliyokuwa mali ya zama zile. Nasi twamshukuru Mungu kwa mlango ule uliofungwa. Wala sisemi alikuwa maasumu, kwani alikuwa mtu wa vita. Lakini alikuwa akila pamoja na mafakiri.

Alipokufa alirithiwa na nduguye Daud. Huyu akiombwa husema, mtoaji amekwisha kufa, wala hakuacha cha kutoa. Wageni wakakaa mlangoni miezi mingi, hata wakaacha kuja.

Basi zingatieni. Wote wawili walikuwa na ufalme mmoja na msikiti mmoja, na kilichowatenga ni mkono.

Na jueni ya kwamba kuzuru makaburi ni suna kwa wanaume. Mtume, sala na salamu zimshukie, alikuwa amekataza, kisha akaruhusu, kwa kuwa kwakumbusha Akhera. Na adabu yake ni kuwatolea salamu maiti, na kuwaombea maghufira. Ama kulipapasa kaburi na kulibusu, Imamu Nawawi amelikemea. Maiti ndiye mhitaji wa dua yako. Wewe haja yako ipeleke kwa Mola wako.

Nikasimama penye makaburi, nikasoma Fatiha, nikakumbuka ule udongo. Hapo ikanijia aibu kubwa. Mimi nilipata nauli ya kutoka Iringa hata Kilwa. Na jirani yangu hakupata nauli ya kumfikisha mwanawe hospitali, nami sikumwuliza. Fakiri alikuwa mlangoni pangu, nami nimempita kwenda kutazama alipopita fakiri wa Yaman!

Niliporudi, alinitazama mikono. Nikamwambia, "Ndugu yangu, udongo sikuleta, na nimekosa kwa kunyamaza. Twende tukamchukue mtoto." Tukamchukua usiku ule. Shifaa i mkononi mwa Mwenyezi Mungu, nanyi mwombeeni.

Basi mwenye kuazimu ziara, na aanze kwa jirani yake. Wabillahi taufiki.