Chumba Kisicho na Msimamizi

Aliyesoma Tanzania au Kenya hahitaji kuelezwa mock ni nini. Tangu shule ya msingi amezoea mitihani ya majaribio na marundo ya pepa za miaka iliyopita, na anajua kuna maswali ambayo hayakosi kujirudia. Ndiyo maana wengi, wakiamua kuomba nafasi ya MBA katika vyuo vya biashara vya ng'ambo, huukabili mtihani wa GMAT kwa mbinu ileile: kukusanya maswali mengi na kuyapitia usiku kucha baada ya kazi.

GMAT haiendi hivyo.

Mtihani huu ulianza mwaka 1954, na mwishoni mwa 2023 ukafumuliwa na kufupishwa. Sasa una sehemu tatu, yaani hisabati, lugha na uchambuzi wa data, kila moja ya dakika 45. Maswali yote ni 64, na alama ni kuanzia 205 hadi 805. Kompyuta hupanga ugumu kwa kufuata majibu: ukipatia, huelekea kukuletea swali gumu zaidi. Kwa hiyo mtahiniwa anayefanya vizuri anaweza kujiona anazama, kumbe anapanda. Hisabati ina maswali 21, bila kikokotoo, na kila swali lina dakika mbili na sekunde chache tu. Anayeacha maswali bila kuyajibu hupunguziwa alama, hivyo kung'ang'ania swali moja kwa dakika sita ni hasara ya wazi. Hayo yote mtu anaweza kuyasoma kwa nusu saa, lakini kuyazoea kunataka kuketi na kufanya mtihani mzima wa majaribio.

Kuna ushahidi pia kwamba kujipima ni namna ya kujifunza. Mwaka 2006 watafiti Henry Roediger na Jeffrey Karpicke, wa Chuo Kikuu cha Washington huko St. Louis, Marekani, waliwapa wanafunzi habari za kusoma. Baadhi walizirudia kuzisoma. Wengine waliandika walichokumbuka bila kutazama. Baada ya dakika tano waliorudia kusoma walikuwa mbele kidogo. Baada ya wiki moja mambo yaligeuka: waliojipima walikumbuka asilimia 56, wenzao 42.

Lakini faida hiyo inadai uaminifu, na nyumbani hakuna msimamizi. Simu ikilia, mtu husimamisha saa. Swali likimshinda, huchungulia jibu na kujiambia kwamba alikuwa analijua. Hesabu ikiwa ndefu, hufungua kikokotoo. Alama inayotokea mwishoni humfurahisha, ila si yake, na ukweli wenyewe unamsubiri kwenye chumba cha mtihani, baada ya ada kulipwa.

Walio tayari kununua njia ya mkato nao wapo. Mwaka 2008 GMAC, baraza linalosimamia mtihani huu, liliishinda mahakamani tovuti iliyokuwa ikiuza maswali yaliyokuwa bado yanatumika, kisha likafuta matokeo ya watahiniwa 84. Watu hao walitaka kusomea uongozi wa mali na kazi za watu wengine. Kiongozi anayejidanganya juu ya uwezo wake huwaumiza wengi, na tabia hiyo haianzii ofisini.

Kwa anayetaka kujipima kwa haki, majaribio rasmi ya GMAT ni sita tu: mawili ya bure na manne ya kulipia. Kuyamaliza kwa wiki mbili ili kuona alama ikipanda ni kuyafuja. La kwanza lifanywe mapema, kabla ya maandalizi kupamba moto, ili mtu ajue anaanzia wapi. Mengine yaachiane nafasi ya kutosha kusahihisha yaliyoonekana. Kila jaribio lifuatwe na daftari la makosa linalotenganisha mambo matatu: asichokijua, alichokijua akakikosea kwa haraka, na kile kilichokosa muda. Na yale aliyoyapatia kwa kubahatisha yaandikwe humo pia, maana siku ya mtihani bahati inaweza isiwepo.

Wewe unayejiandaa mwaka huu, tenga asubuhi moja nzima ya Jumamosi. Zima simu, weka kikokotoo mbali, iache saa ikimbie hadi mwisho, kisha iandike alama utakayopata kama ilivyo.